Kabati la gari-nyumba linapofunguka njiani: dalili, chanzo na dawa yake

Lami ya kutoka Arusha hadi geti la Lodoare, la kuingilia Ngorongoro, haimsumbui mtu. Makabati yametulia, vikombe havisikiki. Ukishapita Ngorongoro na kuanza kuteremka kuelekea Naabi, geti la Serengeti, kwenye ile changarawe yenye mawimbi, mlango wa kwanza unafunguka, kopo la nyanya linabingirika sakafuni, na kuanzia hapo dereva anaendesha jicho moja likiwa kwenye kioo. Wengi wakirudi mjini huenda moja kwa moja dukani kununua vitasa vipya. Wanavifunga, wanaondoka, na safari inayofuata mlango uleule unafunguka tena.

Kitasa ndicho kinachoonekana kushindwa, lakini mara nyingi chanzo hakipo pale. Nyuma yake kuna bawaba iliyolegea, tundu la skrubu lililolika, bodi ya gari inayojipinda, au mzigo unaosukuma kutoka ndani. Ndiyo maana naomba usishike bisibisi kwanza. Anza na dalili. Haya yanahusu gari lolote lenye makabati ya safari: kempa (gari-nyumba la kiwandani) iliyoletwa kutoka Ulaya, basi dogo lililogeuzwa nyumba, au Land Cruiser iliyojengewa jiko na droo nyuma kama zile zinazokodishwa Arusha na Nairobi.

Kwanza: mlango gani, na wakati gani?

Hili swali peke yake linamaliza nusu ya kazi. Gari likikata kona kushoto, vitu hutupwa kulia. Kwa hiyo kabati lililo ukuta wa kushoto, ambalo mlango wake unatazama katikati ya gari, ndilo linalosukumwa kutoka ndani. Kinyume chake ni hivyo hivyo. Huku kwetu tunaendesha upande wa kushoto, na kwenye keplefti gari huzunguka likikata kulia kwa muda mrefu, hivyo makabati ya ukuta wa kulia ndiyo yanayoteseka mjini. Mlango unaotazama mbele hufunguka ukishika breki. Droo inayotoka kwa nyuma hufunguka kwenye mlima, na mlima wa kupanda kutoka Mto wa Mbu kuelekea Karatu utakuonyesha droo zote zisizoshika.

Kama mlango mmoja unafunguka kwenye kona za upande mmoja tu, tazama mzigo ulioko ndani kabla ya kitu kingine. Chupa na makopo yaliyosimama wima nyuma ya mlango hupata kasi kabla ya kuugonga, na kitasa kinapokea kipigo, si uzito tu. Weka ubao mfupi kwenye ukingo wa rafu, tandika kitambaa cha mpira chenye matundu kinachozuia kuteleza, jaza nafasi tupu kwa taulo. Kisha endesha tena. Nimeona magari ambayo "ubovu wa kitasa" uliisha kwa taulo mbili, na hakuna kilichobadilishwa.

Kama mlango unafunguka kwenye mawimbi ya barabara bila kujali kona, hapo tunaongea habari nyingine. Mtikisiko unaulegeza mlango kidogo kidogo hadi ulimi wa kitasa utoke. Na kama unafunguka hata gari likiwa limesimama, basi umebahatika, kwa sababu chanzo utakiona kwa macho.

Mlango unashika ukiwa umesimama, unaachia kwenye barabara mbovu

Tambua kwanza kinachoushika. Kama ni sumaku ya kabati, ile ya kawaida ya fanicha za nyumbani, usitafute zaidi. Sumaku hizo zilitengenezwa kwa ajili ya nyumba isiyotembea. Nguvu yake hushuka haraka sana ikitengana na bati lake hata kwa milimita moja, na kwenye njia za huko juu zenye udongo wa volkano, vumbi lina chembe za chuma zinazonata kwenye uso wa sumaku na kuongeza hiyo milimita. Kuifuta kutasaidia kwa muda. Ukitaka amani, ongeza kikomeo chenye ulimi unaoingia sehemu yake, na sumaku ibaki ya kuzuia mlango usigongegonge.

Vikomeo vya gololi mbili zinazobana ulimi katikati vina tabia hiyohiyo: vinashika kwa kubana tu, na mvuto wa kutosha unavifungua. Mara nyingi vina skrubu ndogo mbili za kukaza springi za gololi. Kaza robo mzunguko kila upande, ujaribu. Ukikaza mno, utavuta mlango kwa nguvu hadi ung'oe mshikio.

Cha tatu ndicho kinachowachanganya watu: kikomeo cha kusukuma, ambacho ukibonyeza mlango unafunga na ukibonyeza tena unafunguka. Hakina mshikio nje, kinapendeza, na mafundi wa fanicha wanakipenda. Lakini fikiria kinavyofanya kazi. Kinafunguka pale mlango unaposogea ndani milimita chache. Kwenye mawimbi ya barabara, mlango wenyewe unarukaruka, unasogea ndani, na kikomeo kinatii: kinafungua. Hakijaharibika hata kidogo. Ukiweka kipande cha mpira kuuzuia mlango usisogee ndani, hakitafunguka njiani, ila nawe hutaweza kukifungua kwa kubonyeza. Kwa hiyo kwenye gari la safari, kikomeo cha aina hii hakifai kuwa mlinzi pekee wa mlango wenye vitu vizito. Kiache kwenye kabati la nguo.

Kama kitasa chako ni kile cha kitufe chenye ulimi halisi, na bado kinaachia, pima ulimi unaingia kiasi gani. Paka ncha yake chaki au rangi ya mdomo, funga mlango, fungua, uangalie alama ilipoachwa kwenye bati linalopokea ulimi. Alama ikiwa kwenye ukingo kabisa, ulimi unagusa tu. Mimi siridhiki na ulimi unaoingia chini ya milimita 4. Legeza skrubu za bati, lisogeze kuelekea ulimi ulipo, kaza. Kama matundu ya bati si marefu ya kutosha, weka kipande chembamba cha plastiki au plaiwudi chini yake kiinuke.

Sasa kipimo ambacho hakifanywi na wengi, nacho ndicho chenye maana kuliko vyote. Pandisha gurudumu moja la nyuma juu ya kipande cha mbao imara au ukingo wa barabara, kiasi cha sentimita 15, vuta breki ya mkono, weka mawe kwenye magurudumu mengine. Ingia ndani ufunge kila mlango. Gari lililokaa sawa na gari lililopinda si gari moja. Fremu ya kabati iliyokuwa mraba sasa imelala kidogo, na mlango uliokuwa ukishika vizuri utauona umeacha mwanya wa pembeni au unagoma kufunga kabisa. Ukiona hivyo, hata kitasa cha bei ghali hakitakusaidia. Tafuta mahali kabati lilipofungiwa ukutani na sakafuni. Kwenye kempa nyingi, makabati yameshikwa na vipande vidogo vya pembe na skrubu fupi ambazo zimelegea. Zikaze, ongeza vipande vya pembe vya alumini kwenye kona za nyuma, na pale kabati linapokutana na ukuta wa bodi tumia gundi ya poliyurethani ya magari, ambayo inabaki na unyumbufu kidogo. Usitumie gundi inayokauka kama jiwe: bodi itaendelea kujipinda, na gundi ikikatika itang'oka na tabaka la ukuta.

Kitufe hakibaki ndani, au kimegoma kutoka

Vitasa vya kitufe ndivyo vilivyojaa kwenye magari-nyumba ya Ulaya. Ukibonyeza kinaingia ndani na mlango umefungwa. Ukibonyeza tena kinachomoza, unakishika na kuvuta. Ndani yake kuna springi na kipande kidogo cha plastiki kinachozunguka au kuteleza kwa hatua. Humo ndimo ugonjwa ulipo.

Kama kitufe kinabonyea kwa uzito, kinakwama nusu, kisha kinatoka polepole, ni vumbi. Fungua skrubu zinazoshika kitasa upande wa ndani wa mlango, zungusha pete ya nje kinyume cha saa, kitasa chote kitatoka. Pulizia hewa, sugua kwa mswaki wa zamani na maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo, kausha kabisa. Kulainisha tumia silikoni ya kupuliza kidogo, au unga wa risasi ya penseli. Mafuta ya injini na grisi usiguse. Vinashika vumbi na baada ya siku chache utakuwa na udongo wa kusaga springi. Petroli na tina pia ziache mbali, maana baadhi ya plastiki hupasuka zikipata vimiminika hivyo, na mpasuko hauonekani mpaka siku ya safari.

Kama kitufe kinabonyea laini kabisa, bila mlio wa "tik", na hakibaki, kile kipande cha ndani kimevunjika. Jua linachangia sana: gari likiegeshwa juani mchana na madirisha yamefungwa, ndani panakuwa moto mno, na plastiki iliyopashwa moto na kupoa kwa miaka inakuwa kavu. Hapa hakuna ukarabati wa kudumu. Gundi haishiki kwenye kipande kidogo kinachosuguana kila siku. Badilisha kitasa.

Hali ngumu kuliko zote ni kitufe kilichogoma kutoka na mlango umefungwa, chakula kimo ndani. Usivute kwa nguvu, utapasua uso wa mlango. Sukuma mlango ndani kwa kiganja pale karibu na kitasa, na ukiwa bado unasukuma bonyeza kitufe. Mara nyingi ulimi umebanwa na mzigo, na ukiuondolea shinikizo unaachia. Ikishindikana, pitisha rula nyembamba ya chuma au kadi ngumu ya plastiki kwenye mwanya, upande ulimi ulipo, uusukume ulimi urudi. Ikishindikana hiyo pia, angalia kabati la jirani: ukuta unaotenganisha makabati mawili mara nyingi ni plaiwudi nyembamba au una tundu la nyaya, na mkono au bisibisi ndefu inaweza kufika. Kutoboa kitufe kwa drili ni hatua ya mwisho. Fanya hivyo ukijua kitasa kimekwenda, mlango umebaki.

Skrubu zinazunguka bila kukaza

Milango ya magari-nyumba hutengenezwa kwa mbao nyepesi ili kupunguza uzito, kwa kawaida plaiwudi ya mbao laini yenye unene wa milimita 15 hivi, wakati mwingine hata yenye uwazi katikati. Skrubu fupi ndani ya mbao hiyo, ikitikiswa saa nyingi, inalisaga tundu lake. Unakaza, inazunguka tu.

Njiti za kiberiti na gundi ya mbao zitafanya kazi kwa kitasa cha kabati jepesi. Zijaze tundu, gundi iingie ndani, ukate zinazochomoza, usubiri hadi kesho yake kabla ya kurudisha skrubu. Wanaoharakisha saa moja baadaye ndio wanaosema njia hii haifai. Kwa mlango mzito, toboa tundu hadi milimita 8, pigilia kijiti cha mbao ngumu chenye gundi, kikikauka toboa tundu jembamba katikati na ufunge skrubu upya. Gundi ya mchanganyiko wa vichupa viwili nayo inajaza vizuri kwenye mbao iliyosagika kama unga.

Ila kwa droo za vyombo na kabati la jiko la kwenye Land Cruiser, achana na skrubu. Pitisha boliti za milimita 4 kutoka nje hadi ndani, pamoja na washa pana (pete ya bati) nyuma na nati ya kujifunga yenye nailoni. Kichwa cha boliti kitaonekana nje na mwenye gari atalalamika kidogo kuhusu uzuri. Mweleze kwamba boliti hiyo haitalisaga tundu lake.

Mlango umeshuka au unagusa fremu

Ukiona mwanya juu ya mlango ni mpana upande mmoja na umebana upande mwingine, au ulimi unapita juu au chini ya bati lake, ugonjwa uko kwenye bawaba. Inua mlango kwa mkono upande wa kitasa. Ukicheza, kaza bawaba kwanza. Bawaba za kikombe, zile za tundu la milimita 35, zina skrubu mbili za kurekebisha kwenye mkono wake: moja inasogeza mlango kushoto na kulia, nyingine inausogeza karibu au mbali na fremu. Kwenda juu na chini hurekebishwa kwenye bati lililo ukutani. Zungusha nusu mzunguko, funga, tazama, rudia. Na angalia springi ya bawaba: nyingine ndizo zinazosaidia kuushika mlango, na zikichoka, kitasa kinabeba kazi yote.

Pwani kuna jambo la ziada. Gari lililokaa Diani au Bagamoyo wakati wa masika huvimba mbao. Mlango unabana, fundi anachukua randa, anaupunguza, unafunga safi. Gari linapanda Arusha wakati wa kiangazi, mbao inakauka, inasinyaa, na sasa kuna mwanya ambao ulimi haufiki. Mbao iliyovimba ikaushwe kwanza: fungua milango yote, pitisha hewa kwa siku kadhaa, kisha uamue kama bado unahitaji randa. Ukirandua, ziba ukingo ulioachwa wazi kwa vanishi siku hiyohiyo, maana ukingo mtupu ndiyo njia ya unyevu kurudi. Kama ni MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa) na imeshavimba kwenye kingo, hairudi. Kata mlango mpya.

Makabati ya juu

Mlango unaofunguka kwenda juu una adui wa pili, shokapu zake za gesi. Kwenye mwili wa shokapu kumeandikwa nguvu yake kwa nyutoni, mfano 80N. Mtu akiona mlango hauinuki vizuri ananunua 120N, na kuanzia siku hiyo kitasa kinapigana na shokapu muda wote. Mchana wa jua ni mbaya zaidi kwa sababu gesi ikipata joto inasukuma kwa nguvu zaidi. Dalili yake ni rahisi: fungua kitasa taratibu, na mlango ukiruka wenyewe kabla hujauinua, shokapu ni kali mno au zimefungwa mahali pasipostahili. Mlango ukiwa umefungwa, shokapu iliyofungwa vizuri inalala karibu sana na mstari wa bawaba, ikisukuma kidogo sana au ikisaidia kufunga. Sogeza mguu wake wa kwenye fremu kidogo kidogo hadi uone mlango unatulia. Na fimbo nyembamba ielekee chini mlango ukiwa umefungwa, ili mafuta ya ndani yalainishe mpira wa kuzibia.

Usipakie vitu vizito juu. Makopo na sufuria za chuma zikae chini, juu ziwe nguo na mikate. Kopo likidondoka kutoka kabati la juu linaangukia kichwa cha mtu.

Droo na friji

Reli za droo za nyumbani, hata zile zinazofunga polepole zenyewe, hazishiki kitu kwenye mlima. Ulaini wake ni wa kufunga, si wa kufungia. Nunua reli zenye kifungo kinachoshika droo ikiwa ndani na ikiwa imetoka, na usome uzito zinaobeba. Kama bajeti hairuhusu, komeo la kusukuma la chuma, lile la milango ya vyoo, likifungwa kwa boliti linafanya kazi hiyo kwa gharama ndogo sana. Silidharau hata kidogo.

Friji za gesi za kempa huwa na kifungo chake cha mlango, na nyingi zina nafasi mbili: moja ya safari, nyingine ya kuacha mwanya friji ikiwa imezimwa ili isiote ukungu. Kabla ya kumwita fundi, hakikisha hakikubaki kwenye nafasi ya mwanya. Halafu punguza chupa zilizoko kwenye rafu za mlango. Lita 4 za maji na maziwa mlangoni ni kilo 4 zinazoning'inia kwenye pini mbili.

Ukiwa bado porini

Kata ukanda wa tyubu ya baiskeli au ya gari, ufunge mshikio kwa mshikio. Unanyumbuka, haukatiki kirahisi, na hauachi alama kama gundi ya tepu, ambayo juani inayeyuka na kung'oa vanishi. Kabati lenye valvu ya gesi na mahali pa kizima moto usipafunge kwa namna yoyote inayohitaji kisu kufungua.

Ukienda kununua kitasa kipya, beba cha zamani mkononi, pamoja na vipimo vitatu: unene wa mlango, kipenyo cha tundu, na umbali kutoka ukingo wa mlango hadi katikati ya tundu. Vitasa viwili vinavyofanana kwa nje vinaweza kutofautiana hapo, na utalazimika kupanua tundu. Maduka ya vifaa vya fanicha Kariakoo yana aina nyingi, na pwani ulizia pia wanaouza vifaa vya boti, kwa sababu kikomeo cha boti kimetengenezwa kwa ajili ya kitu kinachotikisika na chumvi.

Baada ya kufunga, pakia kabati uzito wake wa kawaida, usilijaribu likiwa tupu. Endesha kilomita chache za changarawe, simama, kagua alama ya chaki upya, na ukaze kila skrubu uliyogusa. Zitakuwa zimelegea kidogo mara hii ya kwanza. Zikilegea tena kwa kiasi hichohicho mara ya pili, rudi kwenye kile kipimo cha gurudumu juu ya mbao.